Mwongozo kamili: Kutafiti vurugu za vijana kwenye kata yako, ukianzia zahanati

Kundi la vijana wenye mapanga likitikisa mtaa, mambo huenda kwa mpangilio ule ule. Unaitishwa mkutano wa hadhara, majina yanapelekwa kituoni, polisi wanapita vijiweni usiku, na baada ya wiki chache wengi wa waliokamatwa wamerudi nyumbani. Dar es Salaam tuliyaona hayo enzi za Panya Road, mwaka 2014 na 2015, tukayaona tena 2022. Majina hayakosekani kamwe. Kinachokosekana ni daftari: hakuna anayeweza kukwambia ni watu wangapi walijeruhiwa katika kata ile miezi mitatu iliyopita, wapi hasa, saa ngapi, na kwa kitu gani.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii, asasi ndogo ya mtaani, au mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya utafiti yenye faida kwa watu wanaohojiwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na majeraha, usianze na majina.

Njia yenyewe si ngeni. Huko Cardiff, mji mkuu wa Wales, daktari wa upasuaji wa kinywa na uso, Jonathan Shepherd, alichoka kushona nyuso zilizopasuliwa kwa glasi za baa kila mwisho wa wiki. Alipolinganisha rekodi za hospitali na za polisi alikuta sehemu kubwa ya waliotibiwa hawakuwa wameripoti popote. Basi wahudumu wa mapokezi wakaanza kuuliza maswali machache kwa kila aliyepigwa, majibu yakaondolewa majina, yakapelekwa kila mwezi kwenye kikao cha hospitali, polisi na halmashauri. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba waliolazwa kwa sababu ya vurugu walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa kila watu 100,000 kwa mwezi, wakati katika miji 14 iliyolinganishwa nao idadi ilipanda kutoka 5 hadi 8. Hakukuwa na mashine ya ajabu pale, ni maswali na kikao tu. Huku kwetu yote mawili yanawezekana, ila yana mitego yake.

Hatua ya kwanza: weka mipaka

Kata moja inatosha. Ukichukua wilaya nzima utazama kwenye karatasi kabla hujafika popote.

Kisha amua unahesabu nini. Shirika la Afya Duniani linapozungumzia vurugu za vijana linawahesabu wenye umri wa miaka 10 hadi 29. Sera ya vijana ya Tanzania inamwita kijana mtu wa miaka 15 hadi 35. Usigombane na yeyote: andika umri halisi wa kila majeruhi, utaugawa baadaye upendavyo. Ukiandika "mtoto", "kijana" na "mtu mzima" umejifungia mlango mwenyewe.

Jeraha linaloingia kwenye hesabu ni lile lililosababishwa na mtu mwingine kwa makusudi. Ajali ya bodaboda haimo. Aliyejidhuru mwenyewe naye hamo kwenye hesabu, ingawa anahitaji msaada wa haraka kuliko wote, na lazima ujue pa kumpeleka kabla hajatokea. Kibaka aliyepigwa na wananchi wenye hasira kali yumo, tena asiachwe hata kidogo. Wengi huwasahau hawa kwa sababu hakuna anayewaonea huruma, lakini kijana wa miaka 17 aliyevunjwa mkono kwa nondo ni majeruhi wa vurugu, haijalishi aliiba simu ya nani.

Yumo pia msichana wa miaka 19 aliyepigwa na mpenzi wake chumbani. Utafiti ukiangalia barabara peke yake utaona wavulana peke yao. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa na mtu mzima au mpenzi. Hakuna kati ya hayo yanayohitaji kijiwe ili yatokee.

Hatua ya pili: ruhusa

Hapa pana uchovu, ila usiruke. Kwanza jiulize kama unafanya utafiti au unaboresha huduma. Zahanati inayoongeza safu mbili kwenye daftari lake ili iwahudumie wagonjwa vizuri zaidi inahitaji baraka za Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukitaka kuhoji watu na kuchapisha matokeo, unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya maadili ya chuo chako, na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) nao wana utaratibu wao wa vibali vya utafiti. Kenya mlango mkuu ni NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, baada ya hapo kaunti. Barua hizo ndizo zitakazokufikisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Fuata ngazi hiyo hata kama mwenyekiti wa mtaa ni mjomba wako. Mjumbe wa nyumba kumi akisikia habari zako kwa majirani kabla hajakusikia wewe, umeshachelewa.

Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Moja bila nyingine haitoshi. Taarifa za afya zinalindwa kwa uzito wa pekee chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huku Tanzania, na Kenya wana yao ya mwaka 2019.

Hatua ya tatu: daftari

Hii ndiyo hatua yenyewe, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Fungua rejesta ya wagonjwa wa nje ya zahanati yoyote, ile wanayoiita MTUHA namba 5 (MTUHA ni mfumo wa taarifa za huduma za afya). Utakuta jina, umri, jinsia, mtaa anakotoka, ugonjwa, dawa. Kwenye ugonjwa pameandikwa "jeraha la kukatwa" au "kidonda, mkono wa kushoto". Amekatwa na bati, na kisu cha jikoni, au na mtu? Rejesta haisemi, na mwezi ukiisha kidonda hicho kinajumlishwa na vingine vyote.

Kwa hiyo tengeneza daftari dogo la pembeni. Counter book ya kawaida yenye mistari inatosha. Halina jina la mgonjwa, wala namba ya simu, wala namba ya nyumba. Lina namba ya mfululizo, umri, jinsia, kisha mambo haya: siku na saa ya tukio, mahali lilipotokea, kilichotumika kuumiza, waliomshambulia walikuwa wangapi na kama anawafahamu, kama kulikuwa na pombe upande wowote, na kama amekwenda polisi. Mstari mmoja uliojazwa vizuri unasomeka hivi:

*Jumamosi, saa 6 usiku. Njia ya mkato kati ya kibanda umiza na mfereji. Chupa ya bia iliyovunjwa. Watatu, anawajua kwa sura. Mme, 19. Walikuwa wamekunywa. Hajaenda polisi.*

Tazama kinachopatikana hapo. Saa ni ya tukio. Saa ya kufika zahanati ni kitu kingine, maana wengi wanaoumizwa usiku huja asubuhi, na ukiandika saa ya kufika utaamini kwamba vurugu za kata yako hutokea saa 2 asubuhi. Mahali pameandikwa kama wenyeji wanavyopaita. "Mtaa wa Madukani" haukusaidii kitu, kwa kuwa mtaa una urefu wa kilomita nzima, lakini "njia ya mkato nyuma ya kibanda umiza" unaweza kwenda kuisimamia kwa miguu yako. Na kilichotumika ni chupa. Chupa huokotwa palepale, wakati panga hutoka nyumbani. Hayo ni matatizo mawili tofauti yenye dawa tofauti.

Nani aulize? Yule anayefunga kidonda. Mtu anayefungwa bandeji huzungumza, hasa kama pazia limevutwa na ndugu wamebaki nje. Aanze na "kilichokuumiza ni nini?" kisha "ilikuwa wapi?". Asiulize "nani?" hata kwa bahati mbaya. Jina likishatajwa linatafuta pa kuandikwa, na likiandikwa zahanati inageuka tawi la kituo cha polisi. Siku habari hiyo ikifika vijiweni, daftari lako limekufa.

Na hapo tunafika kwenye fomu. Tanzania majeruhi wa kupigwa huulizwa fomu ya polisi, PF3, Kenya ni P3. Kwenye kesi fomu hizo zina kazi kubwa. Kwenye utafiti zina madhara yasiyokusudiwa: kijana anayeogopa polisi anajua ataulizwa fomu, basi anasema "nimeanguka" au haji kabisa. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi, na mganga mfawidhi akubaliane na wewe juu ya hilo kabla hamjaanza. Kwa hao wanaoanguka, weka safu mbili: jibu alilotoa mgonjwa, na maoni ya mtoa huduma. Majeraha ya kukatwa upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, hupatikana mtu akijikinga, na ngazi haimkati mtu hapo. Muuguzi mwenye uzoefu anajua, mpe tu pa kuandika.

Wasiokuja kabisa wako wapi? Duka la dawa. Muuza dawa wa mtaani anajua nani kanunua spiriti, gozi na dawa ya kuua vijidudu saa 1 asubuhi Jumapili. Usimpe fomu ndefu, hataijaza. Mpe karatasi yenye siku saba za wiki na vipindi vitatu, asubuhi, mchana na usiku, apige mstari mmoja kwa kila mteja aliyekuja kununua vifaa vya jeraha na kusema, au kuonyesha wazi, kwamba ameumizwa na mtu. Basi. Haitakupa undani, ila itakuonyesha ukubwa wa kile ambacho zahanati haikioni. Waliokufa nao hawapiti zahanati, wanapita mochwari ya hospitali ya wilaya. Omba idadi ya mwezi kwa umri na chanzo, bila majina.

Fanya mazoezi ya kujaza kwa wiki mbili na hesabu hizo uzitupe. Wiki za mwanzo kila mtu huandika anavyojua.

Hatua ya nne: ramani ya kutembea

Baada ya miezi mitatu ya daftari una orodha ya mahali. Chukua karatasi kubwa, chora barabara kuu, mfereji, shule, stendi, misikiti na makanisa, baa na vibanda, halafu weka nukta. Kompyuta si lazima. Karibu kila mara nukta hukusanyika sehemu chache sana, na saa chache sana.

Kisha nenda huko kwa saa ile ile. Si mchana ukiwa na fulana ya mradi. Nenda na kijana mwenyeji anayekubalika na mjumbe wa eneo, mtembee, mwandike mnachokiona: taa ipi imekufa, ukuta upi unaziba, baa ipi inafunga saa ngapi, wanafunzi wa zamu ya jioni wanapita wapi, wapi daladala ya mwisho inashusha watu.

Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yenye ushahidi mzuri. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichagua viwanja vitupu 541 kwa bahati nasibu: baadhi vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti, vikawekewa uzio mfupi wa mbao, vingine vikaachwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika maeneo maskini zaidi matukio ya bunduki kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa yalipungua kwa asilimia 29. Diadema, karibu na São Paulo, Brazil, mwaka 2002 iliamuru baa zifungwe saa 5 usiku, na mauaji yakapungua sana. Sisi wenyewe tulipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kama kila kata ingekuwa na daftari la majeraha kabla na baada ya siku hiyo, leo tungekuwa na jibu letu wenyewe badala ya kubishana kwenye daladala.

Hatua ya tano: sikiliza, ukiwa na pa kumpeleka anayekwambia

Nukta zinasema wapi na lini, sababu hazizijui. Zungumza na watu kwa makundi madogo, ya watu sita hadi wanane, ukitenganisha wavulana na wasichana, na wadogo na wakubwa. Bodaboda wawe na kikao chao. Mama lishe nao wawe na chao, maana hakuna anayeijua stendi ya usiku kama mtu anayeuza chapati pale hadi saa 7.

Usiulize mbele ya kundi "umewahi kumpiga mtu?". Uliza "kijana wa rika lenu akitaka kufika nyumbani salama Jumamosi usiku anapita wapi, na kwa nini hapiti kule?". Utashangaa watu wanavyofunguka ukiwauliza njia. Mambo ya mtu binafsi yaachie mahojiano ya faragha, na hata huko mwambie mapema kitu gani hutaweza kukifanya siri, hasa mtoto akiwa hatarini.

Kabla ya kikao cha kwanza andika kwenye karatasi moja: afisa ustawi wa kata na simu yake, Kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachohudumia waliofanyiwa ukatili) kilicho karibu, dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya. Hili si pambo la fomu ya maadili. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, watafiti waliokuwa wakipima programu ya kupunguza viboko shuleni walikusanya maelezo ya wanafunzi wa shule 42 za msingi. Kwa yale ambayo watoto waliwaeleza, ilibidi watoto 434 waelekezwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Ukiuliza, utaambiwa. Na ukishaambiwa huna ruhusa ya kufunga daftari na kwenda zako.

Programu yenyewe ya Luwero, kwa taarifa yako, ilifanya kazi: kwenye shule zilizoipata, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya karibu asilimia 49 kwenye shule nyingine.

Hatua ya sita: chagua cha kufanya, na uwe mchoyo

Sasa kila mtu atakuja na wazo. Bonanza la mpira. Semina. Kuwapeleka vijana gerezani wakaone wafungwa wanavyoishi.

Hilo la gereza likatae palepale. Limepimwa mara nyingi Marekani, na tafiti zilipokusanywa pamoja ilionekana kwamba vijana waliopelekwa kutishwa walifanya makosa mengi zaidi kuliko wenzao walioachwa. Nia njema haikingi mtu. Huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, kuanzia mwaka 1939 wavulana 506 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa washauri, masomo ya ziada na kambi za likizo kwa miaka kadhaa. Mtafiti Joan McCord alipowatafuta miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiosaidiwa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha madhara kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukitaka kuwakusanya vijana wote wasumbufu wa kata sehemu moja kwa wiki nzima, fikiri tena. Wachanganye na wengine.

Kilichofanikiwa karibu na mazingira yetu kiko Monrovia, Liberia. Wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi waligawanywa makundi manne: waliopata wiki 8 za mazoezi ya kudhibiti hasira na kufikiri kabla ya kutenda, waliopata dola 200 taslimu, waliopata vyote viwili, na wasiopata kitu. Mazoezi yaliongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayo, na hayakuwa maneno matupu: mtu anatumwa aende dukani amevaa nadhifu, aongee na muuzaji kwa upole, kisha arudi kusimulia. Waliopata mazoezi peke yake walibadilika, lakini baada ya mwaka badiliko lilikuwa limefifia. Waliopata mazoezi na pesa walibaki wamebadilika, na walipofuatwa tena miaka 10 baadaye makosa yao bado yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Maafisa wengi huruka wanaposikia "pesa taslimu". Waonyeshe matokeo.

Njia nyingine ni ya wasuluhishi wa mtaani, ile aliyoianzisha Chicago mwaka 2000 daktari Gary Slutkin, baada ya miaka ya kupambana na kifua kikuu, kipindupindu na UKIMWI, sehemu kubwa hapa Afrika. Watu wanaoheshimika vijiweni wanaingilia ugomvi kabla haujawa kisasi. Mahali pengine imeleta nafuu, pengine haikubadilisha kitu. Ukiichagua, fahamu kwamba unamtuma mtu kati ya visu viwili. Awe na posho ya kueleweka na mtu wa kumpigia usiku, na polisi wawe wameahidi mbele ya mashahidi kwamba hawatamtumia kama mtoa habari.

Katika haya yote chagua moja au mawili yanayofanana na nukta zako. Nukta zikiwa kwenye njia ya giza, anza na taa. Zikiwa nyumbani, taa haitasaidia kitu.

Hatua ya saba: pima bila kujidanganya

Tuseme mwezi wa Mei mlipata majeruhi 9, mkaweka taa, Juni wakawa 5. Msishangilie bado. Namba ndogo hurukaruka zenyewe: mahali penye wastani wa 9 kwa mwezi, kupata popote kati ya 3 na 15 kunaweza kuwa bahati tu. Kipimo cha haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha wastani (cha 9 ni 3), ukakizidisha mara mbili, ukakijumlisha kwenye wastani na kukitoa. Mabadiliko yakiwa ndani ya mpaka huo, subiri. Jumlisha miezi mitatu mitatu au sita sita, namba zitatulia.

Linganisha msimu na msimu. Ramadhani na Desemba hazifanani. Wiki ya Simba na Yanga haifanani na wiki nyingine yoyote. Mwezi wa uchaguzi uweke alama nyekundu. Na kuwe na kata jirani inayojaza daftari lile lile bila kufanya lolote jipya, vinginevyo hutajua kama ni taa zenu au ni mvua iliyowaweka watu ndani.

Kuna mtego mwingine: mara nyingi mradi huanza pale hali ilipokuwa mbaya kupindukia, na hali mbaya kupindukia hushuka yenyewe hata usipofanya kitu. Kwa sababu hiyo unahitaji miezi ya daftari kabla ya kugusa chochote, ingawa wafadhili hawapendi kusikia.

Ripoti za polisi zikipanda usiogope. Cardiff majeraha makubwa yaliyoandikishwa polisi yalipanda kidogo kuliko kwenye miji iliyolinganishwa nao, lakini mashambulio madogo yaliyoripotiwa yaliongezeka wakati kwenye miji hiyo yalipungua, pengine kwa kuwa polisi walifika mapema kabla ugomvi haujaiva. Ndiyo maana kipimo chako kikuu ni jeraha lililotibiwa, hasa lile lililohitaji kushonwa au kulazwa, kwa kuwa hilo halitegemei nani ana imani na kituo.

Hatua ya nane: kikao cha kila mwezi

Mezani wawepo mganga mfawidhi, polisi kata, mtendaji, afisa ustawi, mwakilishi wa bodaboda, wa wafanyabiashara, na vijana wawili wa kike na wa kiume. Ukurasa mmoja: maeneo matatu ya juu, saa, silaha. Nusu saa ya kujadili, uamuzi mmoja, jina la mtu wa kuutekeleza, tarehe.

Kuhusu posho, kubalianeni siku ya kwanza. Kikao kinachoishi kwa posho ya mradi hufa siku mradi unapoisha. Kikifanyika zahanati saa 3 asubuhi, watumishi wako kazini tayari. Nauli na muda wa wale wasio na mshahara ndio wa kulipwa, na bajeti yake ni ndogo.

Ramani yenye nukta isibandikwe ukutani ofisi ya mtaa wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Kijiwe kikionekana chekundu kwenye ramani ya serikali, usiku ule ule kuna watu watakwenda kukivunja, na kuna wengine watakwenda na petroli. Kwenye mkutano wa hadhara toa jumla: wangapi, saa zipi, kitu gani kimetumika, nini kitafanyika. Vijana wa eneo lenye nukta nyingi wasikie matokeo kabla ya mkutano, wao peke yao, wakiwa na nafasi ya kusema kama mmekosea.

Siku moja mkubwa fulani atauliza majina. Jibu litakuwa jepesi kwa sababu hayapo. Mwonyeshe daftari alikague mwenyewe, kisha lirudi kwenye kabati la mganga mfawidhi lenye kufuli, pamoja na karatasi za maduka ya dawa. Wewe bakia na jumla za mwezi. Mtumishi mpya akihamia zahanati, kaa naye asubuhi moja mjaze pamoja mistari kumi ya kwanza. Zamu zinapobadilika ndipo safu ya "mahali" huanza kuandikwa "mtaani" tena.